Uzi wa Laikipia, sindano za Majengo

Mtoto akizaliwa Majengo, hata ikiwa ni mwezi wa Machi na joto la Mombasa halina huruma, hukosi kumkuta na kofia, soksi na kisweta vya kufumwa. Dada, mashangazi na majirani huanza kufuma tangu mimba ingali changa, na siku ya kwenda kumtazama mzazi kila mmoja huja na chake. Pita vichochoro vya karibu na Msikiti Sakina baada ya alasiri, utawaona: mmoja yuko barazani na sindano zake mbili, mwingine mlangoni na kroshia, mazungumzo yanaendelea na mikono haisimami.

Nimekulia ndani ya kazi hii. Mishono tunaijua, vipimo tunavijua, na sweta la mtoto wa miezi 6 twaweza kulifuma bila kuangalia karatasi. Kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni uzi wenyewe: umetoka wapi, umesokotwa na nani, umetengenezwa kwa kitu gani. Madonge ya rangi za kung'aa yanayojaa madukani kwa sehemu kubwa ni akriliki, yaani nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli. Akriliki ina faida zake. Bei yake ni nafuu, rangi haichujuki upesi, na inafulika bila matata. Lakini mara nyingi muuzaji huiita sufu, mnunuzi akaiita sufu, na mtoto akavishwa kwa jina hilo.

Nilitaka kuiona sufu yenyewe ikitoka kwenye manyoya ya kondoo hadi ikawa uzi wa kufumia. Nikafunga safari kwenda Nanyuki, kaunti ya Laikipia, ambako kuna wanawake wanaosokota sufu ya kondoo wa Kenya kila siku ya kazi.

Pwani iliyofumua nguo za wengine

Mfumaji wa Mombasa anayetaka sufu ya kweli ana njia yake ya siku nyingi: huenda soko la Kongowea. Hupekua mitumba, akasoma lebo ndani ya kola, akachagua sweta zito la mwanamume lililovaliwa Ulaya mpaka likachokwa. Nyumbani hutafuta mshono wa ubavuni, akakata uzi mmoja kwa uangalifu, kisha akavuta. Safu baada ya safu hufumuka, na uzi hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa wiki nzima. Huuzungushia mgongo wa kiti, akaufunga mahali kadhaa usivurugike, akauosha, akauning'iniza na kitu kizito chini yake ili unyooke. Ukikauka, ana sufu nzuri kwa bei ya nguo kuukuu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliifanya kazi ya namna hii zamani sana. Mreno Duarte Barbosa, katika kitabu alichokikamilisha karibu mwaka 1516, anaeleza kwamba Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walilima pamba wakafuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi, walichukua nguo za buluu zilizoletwa na majahazi kutoka Cambay, Gujarat, wakazifumua, wakachanganya uzi wake na uzi wao mweupe, wakapata nguo yenye rangi. Miaka 500 imepita, na sweta la Kongowea limeshika nafasi ya nguo ya Cambay.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Fundi wa Sofala alifumua ili apate rangi. Uzi mweupe alikuwa nao, kausokota mwenyewe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotobolewa katikati, ambavyo wasokotaji walivitia kwenye kijiti ili kizunguke kwa uzito na kuupinda uzi. Msafiri Ibn Battuta aliyefika pwani hii mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri. Kisiwa cha Pate nacho kilisifika kwa vitambaa vya hariri ambavyo Wareno walivitafuta kwa biashara yao.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka kwenye viwanda vya kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kikaenea Unguja, Mombasa na bara. Kusokota kwa mkono hakukuweza kushindana na bei ya mashine. Ujuzi wa kushona ulibaki majumbani, na baada ya chama cha Maendeleo ya Wanawake kuanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake vilifundisha wanawake wengi wa Kenya kushika sindano. Mikono ikabaki kwetu. Uzi ukawa wa kuagiza.

Ndani ya karakana

Kutoka Mombasa unapanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha matatu inayopitia Thika na Karatina. Baada ya Karatina, ikiwa mawingu yamekaa vizuri, Mlima Kenya unakuwa upande wa kulia muda wote. Nanyuki iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini iko juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Majengo akishuka kwenye gari anaelewa papo hapo kwa nini sufu ni mali huku.

Kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers kilianzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa kanisa la PCEA ili wanawake wasio na kipato wapate kazi ya kuwalisha. Wanachama wake husokota kwa mkono na kufuma mazulia, mablanketi na shali kwenye mitambo ya mbao. Hakuna mngurumo wa injini. Kinachosikika ni kanyagio la mbao likipanda na kushuka, na mshindio ukigongwa kwenye mtande.

Kazi huanzia kwenye gunia. Manyoya yakikatwa kwa kondoo huwa mazito, yamejaa mafuta, vumbi na vijiti. Jambo la kwanza ni kuyachagua. Yanayotoka mabegani na mgongoni ndiyo bora. Ya tumboni na miguuni ni machafu na mafupi, nayo hutengwa. Kisha hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, na hapa kuna mwiko: hayasuguliwi. Unywele wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto yakikutana na msuguano, magamba hayo hung'ang'aniana na sufu hugeuka kuwa bonge gumu lisiloweza kuchambuliwa tena. Kila mfumaji aliyewahi kutazama sweta la sufu likitoka kwenye beseni la maji ya moto limepungua nusu amekwisha kuliona jambo hilo, ila huenda hakuelezwa sababu.

Mafuta yanayotoka wakati wa kufua ni lanolini, ambayo viwanda huikusanya na kuitia kwenye krimu za ngozi. Mafuta na uchafu vikiisha, uzito hupungua sana: kilo 10 za manyoya machafu zaweza kubaki kilo 5 hadi 7 za sufu safi. Mfugaji anayelipwa kwa uzito na msokotaji anayelipia uzito huo wote wawili wanapaswa kulijua hilo kabla ya kupatana bei.

Sufu ikikauka huchanwa. Mchanaji hushika vibao viwili vyenye meno mafupi ya waya, akaweka sufu kwenye kimoja na kuivuta kwa kingine, mara kwa mara, mpaka nywele zote zilale upande mmoja. Mwishowe huiviringisha ikawa mviringo mwepesi unaoonekana kama hauna kitu ndani. Hapo imeiva kusokotwa.

Nilikaa karibu na msokotaji mmoja mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo kwa desturi ya kwetu, akaitika marahaba, akaniita mwanangu, akanisogezea kigoda. Mguu wake ulikanyaga kanyagio taratibu na gurudumu likazunguka. Mkono wa kulia ulibana uzi ulipokuwa ukiingia kwenye bobini. Wa kushoto ulivuta sufu nyuma kidogo kidogo, nywele zikipita moja juu ya nyingine na kupungua unene. Akiachia vidole vya kulia, msokoto hukimbia mbele na kuzikamata nywele zile, akivibana, husimama. Siri yote imo humo: kuvuta, kuachia, kubana. Unywele mmoja wa sufu una urefu wa sentimita chache tu, na hakuna gundi wala fundo linaloufunga kwa mwenzake. Msokoto peke yake ndio unaozishika maelfu ya nywele fupi zikawa uzi wa mamia ya mita.

Ukisokota kidogo mno, uzi unakatika mkononi. Ukizidisha, unakuwa mgumu na sweta litachoma ngozi. Ndiyo sababu kwa kawaida uzi mmoja hauuzwi peke yake kwa mfumaji; hupindwa na mwenzake kwa kuzungusha upande wa pili, kila msokoto ukauzuia mwingine, na uzi ukatulia. Yule mama alinionyesha namna ya kuupima. Alishika urefu wa mkono mmoja, akakutanisha ncha mbili, akauacha uning'inie. Uzi uliotulia hukaa wazi katikati. Usiotulia hujipinda wenyewe kwa wenyewe. Kipimo hicho kinaeleza malalamiko ya wafumaji wengi wa kwetu, kwamba kitambaa kimefumwa sawasawa na bado kinakwenda upande. Mara nyingi mkono wa mfumaji hauna lawama. Uzi ndio haukutulia.

Rangi pia ina kanuni zake. Sufu hupikwa kwanza na shabu, ile ile inayouzwa madukani kwetu Mji wa Kale, kwa sababu shabu huifanya rangi ishike na isitoke kwenye maji. Maganda ya vitunguu hutoa manjano ya kuelekea kahawia, na mimea mingine hutoa rangi zake kadiri ilivyopikwa. Mtu wa pwani anayejua hina haoni ugeni wowote hapo. Ni majani, maji, moto na subira.

Kiwandani hatua ni hizi hizi: kuchagua, kufua, kuchana, kuvuta, kusokota, kupinda. Tofauti ni kwamba mashine ya kuchana ina mapipa makubwa yenye waya, na mtambo mmoja wa kusokota una mamia ya vijiti vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Aliyeyaona kwa mkono Nanyuki anaweza kuingia kiwanda chochote cha nyuzi duniani akajua kinachofanyika.

Kondoo wapo, viwanda vilikwenda wapi?

Kondoo wa asili wa Kenya, kama yule mwekundu wa Kimaasai, ana nywele fupi zisizosokoteka. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi. Lord Delamere aliagiza merino mwanzoni mwa karne ya 20 akawapeleka Njoro, na wengi walikufa kwa maradhi na kwa malisho yaliyopungukiwa madini. Baadaye ufugaji ulifaulu kwenye nyanda za juu, na hadi leo merino, corriedale, romney marsh na hampshire down wanafugwa Laikipia, Timau, Nyandarua na Molo.

Tatizo la mfugaji ni soko. Nyama inalipa upesi na ina wanunuzi kila mahali, hivyo wengi wamehamia dorper, kondoo wa nyama aliyetokana na utafiti wa Afrika Kusini. Kondoo wa sufu lazima akatwe manyoya kila mwaka, mfugaji auze asiuze. Kukata ni gharama. Akikosa mnunuzi, mfugaji hana sababu ya kuyatunza manyoya hayo yasiingiwe na miiba na mchanga, na sufu chafu ndiyo inayozidi kuikosesha Kenya wanunuzi.

Zamani viwanda vya nyuzi na nguo vilikuwa vingi zaidi. Eldoret ilikuwa na kiwanda cha sufu cha Raymond. Kisumu ilikuwa na Kicomi, cha pamba. Nanyuki yenyewe ilikuwa na Mountex, kiwanda cha nguo kilichoajiri wenyeji mpaka kikafa. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba na nguo za bei ya chini zikamiminika, na viwanda ambavyo mitambo yake ilikuwa imezeeka na madeni yake yamekuwa makubwa havikustahimili. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1976, nayo ilifungwa. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo mipya ya pamba. Ufufuo huo ni wa kupongezwa. Sufu bado inangoja zamu yake.

Ni kweli kwamba sufu ni sehemu ndogo ya biashara ya nyuzi ulimwenguni, takriban asilimia 1. Lakini udogo huo hauifanyi kuwa duni. Inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, haishiki moto kwa urahisi, na ikizikwa ardhini huoza ikawa mbolea. Akriliki haiozi, inavunjika vipande vidogo vinavyofika baharini, na bahari hiyo ndiyo inayotuzunguka sisi wa kisiwa cha Mombasa.

Bei na ukweli

Sweta la mtu mzima linakula kiasi cha nusu kilo ya uzi, urefu wa mita 1,000 au zaidi. Msokotaji wa mkono anafanya kazi siku nzima na ziada kuupata uzi huo, na bado hujahesabu kufua, kuchana, kupinda na kutia rangi. Kwa hiyo uzi wa Nanyuki hauwezi kuuzwa kwa bei ya donge la akriliki, na anayetaka ushuke hadi hapo anataka mwanamke mwenzake afanye kazi bure. Sisi wafumaji tunalijua vizuri jambo hili, maana tunaudhika mteja anapolinganisha kazi yetu ya wiki mbili na sweta la mashine.

Pia tuseme wazi mahali ambapo sufu hii inafaa na mahali isipofaa. Uzi wa kondoo wa mchanganyiko una nywele nene, na nywele zikizidi mikroni 30 hivi huwasha ngozi. Huo usimvishe mtoto mchanga wa Mombasa. Mfumie kwa pamba, au kwa merino laini ukiipata. Uzi mnene wa Laikipia ufumie blanketi, shali, kofia na sweta la kijana anayekwenda kusoma Nairobi, Nakuru au Eldoret, au la jamaa aliyeko Ulaya. Wateja wa namna hiyo tunao tele, na kila msimu wa kufungua shule wanaondoka stesheni na nguo zilizofumwa na wengine.

Na kabla ya kulipia chochote kwa jina la sufu, upime. Kata kipande cha uzi cha kidole kimoja, kishike kwa koleo juu ya sahani, ukiguse kwa kiberiti. Sufu huwaka shingo upande, hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha tone gumu jeusi lisilopondeka. Kipimo hiki hakihitaji maabara wala cheti, na muuzaji mwaminifu hataogopa ukifanye mbele yake.

Yanayohitajika baada ya hapo hayazidi uwezo wetu. Vikundi vya wanawake wa Majengo vinavyochanga kila wiki vinaweza kuagiza kwa pamoja, maana gunia moja la uzi kwa wafumaji ishirini ni nauli moja, na donge moja moja ni hasara. Wenye maduka wa Barabara ya Biashara watenge rafu moja ya uzi wa Kenya na kuandika wazi ni wa nini. Serikali za kaunti za Mombasa na Laikipia ziwakutanishe wasokotaji na wafumaji meza moja, kwa sababu kila upande unatafuta alichonacho mwenzake. Na taasisi zinazosimamia viwango zihakikishe kwamba lebo inayosema sufu ina sufu ndani yake.

Ewe mfumaji mwenzangu, safari hii ukitaka uzi usianze kwa kuuliza rangi. Muulize mwenye duka umetokana na nini na umesokotwa wapi. Akisema ni sufu, mwombe kipande ukichome. Akisema ni ya Laikipia na kipimo kikaonyesha kuwa ni sufu kweli, mlipe bei yake bila kuinung'unikia, kwa sababu sehemu ya fedha hiyo ni jasho la mama aliyekaa kwenye gurudumu kutwa nzima, na sehemu nyingine ndiyo itakayomshawishi mfugaji abaki na kondoo wake wa sufu.